Watu wa Nyuma ya Marobota

"Nani anagonga huko?"

Hapo ndipo tulipomwachia Mama Pacha wiki iliyopita: mdomo wazi, mkaguzi kamkazia macho, na nyuma ya marobota ya kitambaa ngumi za watu zikipiga bati, ndu, ndu, ndu. Wewe msomaji ulipewa wiki nzima ya kufikiri angejibu nini. Yeye hakupewa hata nafasi ya kumeza mate.

Kama ndiyo kwanza unaingia, sogea nikupashe haraka, maana watu hawa hawasubiri. Nyuma ya marobota yale kuna mlango. Mlango huo ni wa ghala. Ndani ya ghala wamefungiwa vibarua wasio na mkataba wala kitambulisho, wanaoshona mashati yaleyale ya mnunuzi yuleyule wa ng'ambo, kwa sababu kiwanda kilikubali oda kubwa kuliko uwezo wake.

Mnunuzi huyo ana Kanuni zake za Maadili. Zimetundikwa ukutani ndani ya kioo, maandishi makubwa, na zinakataza karibu kila kinachofanyika mle ghalani. Kwa hiyo siku ya ukaguzi, wageni wakishaingia getini, umeme wa ghala huzimwa, feni husimama, kufuli hupigwa kwa nje, na watu huambiwa wanyamaze mpaka wageni waondoke. Funika kombe mwanaharamu apite.

Mmoja wa waliofunikwa ni Kitinda, mdogo wake Mama Pacha, tumbo moja, kitindamimba wa marehemu mama yao. Ana mimba ambayo aproni imeshashindwa kuificha. Basi, sasa unajua kwa nini swali lile ni zito kwa Mama Pacha. Turudi benchini.

"Mama, nimeuliza," mkaguzi alirudia. "Nani anagonga?"

Mama Pacha alivuta pumzi. Kabla hajaitoa, mtu mwingine alimjibia.

"Mafundi bomba!"

Alikuwa meneja utumishi, yule ambaye kiwanda kizima humwita Tabasamu, maana meno yake hayana siku ya mapumziko. Alikuwa amejibanza nyuma ya nguzo muda wote huo, na hakuona hata haya kutokeza.

"Mabomba yetu ni ya zamani, mheshimiwa. Tunayabadilisha. Afya ya wafanyakazi kwanza!"

"Mafundi bomba wanagonga bati?"

"Wanayatafuta mabomba, mheshimiwa."

Mkaguzi alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani na raba zilizolika visigino, mtu aliyezoea kutembelea viwanda vya watu. Alimtazama Tabasamu kutoka kichwani hadi viatuni.

"Nitapenda kuwasalimia hao mafundi baadaye. Kwa sasa, mahojiano ya wafanyakazi ni ya faragha. Iko ukutani pale, kanuni yenyewe."

"Bila shaka!" Tabasamu aliinama, akaondoka. Alipofika nyuma ya mashine za kushona ukingo, miguu ilisahau adabu, akatoka mbio.

Mama Pacha alihisi nafuu, na akajichukia kwa kuihisi.

Pale benchini walikuwa wamekaa wafanyakazi waliochaguliwa, wenye sare safi na midomo iliyofunzwa. Kila asubuhi kabla ya mashine kuwashwa walikuwa wakikaririshwa majibu kama wimbo, kwa kufuata mpangilio wa Kanuni ukutani: kwanza milango ya dharura, kisha vyoo, kisha saa za kazi, kisha malipo, na mwisho kabisa maswali ya nyumbani. Hakuna aliyefundishwa maswali. Walifundishwa majibu tu, moja baada ya jingine, kila mtu na lake.

Sasa mkaguzi, sijui kwa ujanja sijui kwa bahati, akaanzia mwisho.

"Baba," alimwambia Mzee wa Pasi, "una watoto wangapi?"

Mzee wa Pasi, ambaye amenyoosha mashati tangu nywele zake zikiwa nyeusi, alisimama wima kama alivyoelekezwa.

"Miwili, na yote iko wazi wakati wote!"

Mkaguzi alishusha kalamu. "Watoto wako wako wazi?"

"Wakati wote, mheshimiwa. Hata usiku."

Mtu alikohoa kuzuia kicheko. Mkaguzi akamgeukia binti wa kukata nyuzi.

"Na wewe, mwanangu. Muda wa ziada mnalipwa vipi?"

"Kwa sabuni na maji yanayotiririka."

"Kila mwezi?"

"Kila tukitoka chooni."

Siku nyingine Mama Pacha angecheka mpaka akashika mbavu. Siku hiyo alikuwa anasikiliza ukuta. Ndu, ndu. Halafu ndu moja, dhaifu, kama ya mtu anayegonga kwa kiganja badala ya ngumi. Halafu hakuna.

Kugonga kulikuwa kunamtesa. Kukoma kulimtesa zaidi. Alijua mle ndani bila feni kunakuwaje. Alishawahi kuingia kumpelekea mdogo wake maji, akatoka nguo zimemganda mgongoni.

Mkaguzi alifunga faili lake.

"Asanteni sana. Rudini kazini. Mama, wewe baki." Akainamia sikio lake. "Nipeleke mahali ambapo yule bwana wa meno hawezi kujibanza."

Palikuwa na mahali pamoja tu ambapo Tabasamu angeona haya kuchungulia. Mlangoni palikuwa na kibao kipya, rangi haijakauka: CHUMBA CHA KUNYONYESHEA. Hadi juzi kilikuwa stoo ya vifungo. Sasa ndani mlikuwa na kiti laini kilichoazimwa ofisini kwa mkurugenzi, na picha ya mtoto mnene anayecheka. Hakuna mtoto aliyewahi kunyonya humo. Angeingia, angeanza na vifungo, maana sakafuni vilibaki tele.

Mkaguzi alifunga mlango, akauegemea.

"Majibu yenu ni mazuri sana," alisema. "Tatizo hayajui maswali yao."

"Tulifundishwa, mheshimiwa."

"Usiniite mheshimiwa. Niite dada."

Neno hilo lilimchoma Mama Pacha mahali pabaya. Hivyo ndivyo Kitinda anavyomwita. Hajawahi kumwita kwa jina hata siku moja, tangu alipoanza kusema.

Yakatoka yote kwa mkupuo.

"Dada, kuna watu nyuma ya marobota. Mdogo wangu yumo. Ana mimba kubwa. Wamezima feni. Walikuwa wanagonga, sasa hawagongi."

Mkaguzi alivua miwani. Bila miwani alionekana mtu aliyechoka, tena sana.

"Umeniambia ukweli, na mimi nikuambie wangu. Anayenilipa mimi kuja kukikagua kiwanda hiki ni kiwanda hiki. Ripoti yangu wanaisoma wao kwanza, ndipo inakwenda kwa mnunuzi."

"Yaani mgonjwa anamlipa daktari aseme yeye mzima?"

"Ndivyo hivyo. Na kuna jingine. Nikiwakuta hao watu, mnunuzi hatakuja kutengeneza mlango wala kuwaandikia mikataba. Mara nyingi huhama tu. Anaondoa oda, anapeleka kiwanda kingine. Ninyi wote mtakaa nyumbani, na lawama watakutupia wewe."

Mama Pacha aliwaona wote mara moja: Mzee wa Pasi, binti wa nyuzi, wanawake wa laini ya kola ambao huchangiana nauli. Aliwaona watoto wake pacha wanavyokaa mlangoni jioni kumsubiri.

"Niambie mwenyewe," mkaguzi alisema. "Nikafungue, nisifungue?"

"Wewe una dada?"

"Ninaye."

"Basi usiniulize. Kafungue. Oda tutaililia kesho, leo watu wapumue."

Mkaguzi alivaa miwani yake.

Walipotoka, Tabasamu alikuwa anawasubiri kwenye njia katikati ya mashine, mikono nyuma, meno mbele.

"Nataka marobota yale yaondolewe," mkaguzi alisema. "Na mlango ulioko nyuma yake ufunguliwe. Sasa hivi."

Mama Pacha alitegemea mabishano. Alitegemea ufunguo uwe umepotea, fundi wa kufuli awe amesafiri, mkurugenzi aombwe ruhusa kwa simu isiyoshika. Lakini Tabasamu aliingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akaupepeza mbele yao.

"Karibuni sana," alisema. "Hapa kwetu hakuna siri."

Hapo ndipo Mama Pacha alipoingiwa na baridi.

Mzee wa Pasi na wabeba mizigo walivingirisha marobota. Mashine zilipunguza kelele moja moja. Shingo zote zikageuka. Kufuli lilifunguka kirahisi kuliko linavyofunguka siku zote. Mlango ukasukumwa.

Ghala lilikuwa tupu!

Hapakuwa na mtu hata mmoja. Sakafu ilikuwa imemwagiwa maji, bado yanachuruzika kuelekea mfereji. Vyerehani vilipangwa vizuri chini ya turubai. Ukuta wa pili ulikuwa na mlango mwingine, wa kutokea uwanja wa kupakilia, na huo ulikuwa umefungwa kwa heshima zote.

"Kama nilivyosema," Tabasamu alitandaza mikono juu ya yale maji. "Mafundi bomba. Wamemaliza wamekwenda zao. Hizo mashine ni mbovu, tunasubiri watu wa chuma chakavu."

Mkaguzi alifunua turubai, akaweka kiganja juu ya mota ya cherehani kimoja, akakiacha hapo kidogo. Kisha akakiondoa upesi, akakipangusa kwenye sketi yake.

Mama Pacha aliona. Tabasamu naye aliona. Mota ilikuwa bado ya moto. Lakini joto la mota ni ushahidi gani? Mpaka ripoti ichapwe litakuwa limepoa, na atakayebisha atasema jua lilipiga bati.

"Wako wapi?" Mama Pacha alipiga kelele. "Mmewapeleka wapi? Kitinda! Kitinda wee!"

Sauti yake ilizunguka ndani ya bati ikamrudia mwenyewe.

"Kitinda?" Tabasamu alishangaa vizuri kabisa, angeigiza jukwaani tungelipa kiingilio. "Kitinda wa laini ya kola? Mbona yupo! Hebu mwiteni."

Akaja.

Alikuja kwa mlango wa mbele, kupitia ukumbini, mbele ya watu wote, ndani ya aproni mpya pana ya buluu. Uso ulikuwa umelowa, midomo imekauka hadi imepasuka, na alikuwa akitembea kwa kushika meza moja baada ya nyingine. Shingoni kilining'inia kitambulisho cha plastiki. Juu yake, kwa wino mwekundu: MWAJIRIWA WA KUDUMU.

"Kitinda!" Mama Pacha alimkimbilia, mikono mbele.

Kitinda akarudi nyuma.

Mama Pacha alisimama pale pale, mikono ikiwa bado hewani, hajui aiweke wapi.

"Binti," mkaguzi alisema taratibu. "Unamfahamu mama huyu?"

"Namwona tu hapa kazini."

"Yeye anasema ni dada yako."

Kitinda alitazama sakafu. Akatazama yale maji yanavyokwenda mferejini.

"Mimi sina dada hapa."

Ee, msomaji! Mtoto aliyembeba mgongoni mwenyewe akiwa bado mtoto. Aliyemfunga nywele siku ya kwanza ya shule. Aliyemgawia chakula chake akasema ameshiba.

"Leo ulikuwa ndani ya ghala hili?"

"Hapana. Mimi niko laini ya kola. Ni mwajiriwa wa kudumu."

"Na hali uliyonayo? Utapewa likizo ya uzazi?"

"Nitapewa. Kwa mujibu wa Kanuni."

Alipolitamka hilo, vidole vyake vilikamata kitambulisho. Vilikikamata kama mtu anavyoshika kamba ya ndoo kisimani, asije akaidondosha. Na hapo Mama Pacha, aliyekuwa karibu kulia kwa hasira, akaelewa biashara iliyofanyika nyuma ya ule mlango wa pili.

Kitambulisho hicho alikuwa amekiomba yeye. Mara ngapi amesimama mlangoni kwa Tabasamu, mikono kifuani, "Mwandikie mdogo wangu, bosi, ana mimba, asije akajifungulia vumbini." Kila mara meno yalimwambia subiri. Leo kimetolewa ndani ya dakika chache, na kilichotakiwa kwa Kitinda ni sentensi moja.

Sasa ni kana kwamba kamba ya kitambulisho ilikuwa mikononi mwa Mama Pacha. Aking'ang'ania kwamba huyu ni ndugu yake, Kitinda atakuwa mwongo mbele ya mkaguzi, na kitavuliwa kabla ya mchana. Akikubali kuwa mwongo yeye, kitabaki.

"Basi, mama," Tabasamu alisema kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima. "Unaendelea na madai yako?"

Mkaguzi alimtazama. Macho yake yalikuwa yanamsihi aseme ndiyo.

"Nimemfananisha," Mama Pacha alisema. "Macho yamechoka. Hakukuwa na watu ghalani. Nilitunga."

"Una hakika?" mkaguzi aliuliza.

"Nina hakika."

Ukumbi ulivuma. "Mbaya wewe!" mwanamke mmoja alimrushia. "Ulitaka tukose kazi wote!" Mzee wa Pasi, ambaye alikuwa ameyasukuma marobota kwa mikono yake na mwenyewe anajua vizuri nyuma yake huwa mna nini, aligeuza uso akaanza kupanga mashati yaliyokwisha kupangwa.

Tabasamu aliinua mkono kutuliza watu.

"Kiwanda hiki kinaheshimu Kanuni," alisema. "Hatumfukuzi mtu kwa kusema na mkaguzi, hapana, ni marufuku. Tunampumzisha tu. Apumzike kuanzia sasa. Na wewe binti, mpokee mwenzako aproni."

Alifanya makusudi, mtu yule. Alitaka wavuliane.

Kitinda alizunguka nyuma ya dada yake. Aproni za kiwanda kile hufungwa mgongoni kwa mafundo mawili, na huwezi kujifungulia mwenyewe bila kuhangaika. Mama Pacha alisikia vidole vya mdogo wake vikitafuta fundo la kwanza. Akasikia pumzi shingoni.

"Dada, nisamehe."

"Kimya. Umefanya vizuri."

"Wenzangu wamefichwa ndani ya kontena. Kule kwenye uwanja wa kupakilia. Wamewasukumia humo na mashati."

Mama Pacha alitaka kugeuka. Kitinda akavuta fundo la pili kwa nguvu.

"Usigeuke. Wamesema ni mpaka wageni waondoke tu. Lakini kuna joto, dada. Kuliko ghalani." Halafu, kwa sauti ya wote kusikia: "Haya mama, tayari. Nenda salama."

Nikuulize wewe unayesoma na chai yako mkononi: ungefanyaje? Ametoka kutangaza yeye ni mwongo, kwa kinywa chake, mbele ya kiwanda kizima. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya mkweli aliyejiita mwongo inafika wapi?

Alijaribu. Mkaguzi alikuwa ameshafika ngazi za kupandia ofisini, Tabasamu pembeni yake.

"Dada!" Mama Pacha aliita. "Kontena! Wako kwenye kontena!"

Tabasamu alicheka, kicheko kirefu cha mtu aliyeshinda.

"Mnamsikia? Dakika hii walikuwa ghalani, akasema ametunga. Sasa wamehamia kontenani. Kesho watakuwa ndani ya mfuko wa shati!"

Ukumbi ulicheka naye, wengine kwa kupenda, wengine kwa kuogopa kutocheka. Mkaguzi alisimama kwenye ngazi, akageuza kichwa. Tabasamu alimgusa kiwiko: mkurugenzi anasubiri, kikao cha kufunga ukaguzi, simu zote zizimwe tafadhali, soda ziko mezani. Mlango wa juu ulifungwa.

Mlinzi alimshika Mama Pacha mkono, si kwa ubaya, akamtoa nje kwenye jua.

"Ulikuwa na shida gani leo, mama wee?" alimlaumu wakitembea. "Mtu mzima, una watoto. Si ungejibu kama ulivyofundishwa?"

Mama Pacha hakumsikia. Alikuwa anajituliza: ni kwa muda tu, wageni wataondoka, watafunguliwa. Ni kwa muda tu. Alijiambia hivyo mpaka walipokata kona ya jengo.

Uwanja wa kupakilia ulikuwa mtupu.

Kontena halikuwepo. Lilikuwa mbele kidogo, mgongoni mwa lori, limeelekea geti, injini inanguruma na moshi unatoka.

"Linakwenda wapi hilo?" sauti yake ilikuwa ndogo.

"Bandarini. Litakwenda wapi?"

"Nani kasema liondoke?"

"Nani kasema! Kontena likishafungwa mlango, mpiga lakiri anapiga lakiri, lori linaondoka. Ndiyo kazi. Na oda yenyewe imechelewa."

Mama Pacha aliiona hiyo lakiri. Pini nene ya chuma, mpya, inang'aa kwenye komeo la mlango wa nyuma, na namba za mnunuzi juu yake.

Haya, jamani, hebu tazameni werevu ulivyowaponza. Tabasamu alitafuta mahali pa kuficha watu, akawaingiza kontenani, akasukuma mlango. Mpiga lakiri hajui lolote. Yeye ana agizo moja tangu aajiriwe: mlango ukifungwa, piga. Hakuna aliyemwambia leo asipige, maana kumwambia kungekuwa kumtolea siri. Kaona mlango umefungwa, kapiga, kampungia dereva. Na huko juu Tabasamu anamimina soda, simu imezimwa, anaamini watu wake wako uwanjani kivulini.

"Ikishapigwa, inakatwa wapi?" aliuliza.

"Lakiri ya mnunuzi? Haikatwi humu, atakayeikata atafungwa. Kontena linafika nayo hadi melini."

"Na foleni ya bandarini inaisha lini?"

"Siku hizi?" Mlinzi alisonya. "Kesho jioni. Labda."

Mama Pacha alimponyoka. Alikimbia, kandambili moja ikabaki nyuma, akapita ubavuni mwa kontena akilipiga makofi, chuma chake kinaunguza, akalipita gurudumu la mbele, akajitokeza mbele ya lori na kusimama katikati ya njia.

Dereva alipiga honi ndefu.

"Toka, mama! Nitaikosa meli!"

"Kafungue nyuma! Umebeba watu!"

"Nimebeba mashati!" Dereva alitoa kichwa dirishani, kijana mwenye macho mekundu ya kukesha barabarani. "Makaratasi yangu yanasema mashati!"

"Hayo makaratasi yanapumua? Shuka usikilize!"

"Usimsikilize!" mlinzi alifika anahema. "Ametoka kupumzishwa kazi sasa hivi, ana hasira zake. Mwenyewe amekiri mbele ya mkaguzi kwamba huwa anatunga."

"Ni kweli ulisema hivyo?" dereva aliuliza.

Mama Pacha alifungua kinywa. Angemweleza nini, aanzie wapi, na nani angengoja amalize?

"Ni kweli nilisema," alijibu. "Na ni kweli wamo."

"Mama, nikikata lakiri na nikakuta mashati, nimekwisha. Sina lori, sina kazi. Unanielewa?"

"Nakuelewa. Wa kwangu ametoka salama, kijana. Hawa walioko ndani si ndugu zangu. Hata majina yao mengine siyajui." Aliweka viganja vyote viwili kwenye boneti, na boneti ilikuwa ya moto, na hakuviondoa. "Lakini lori hili litapita juu yangu kwanza."

Mlinzi alitazama madirisha ya ofisini. Mapazia yalikuwa yameshushwa. Akaenda kwenye geti, akaanza kuinua kizuizi.

Dereva alimtazama mwanamke yule mbele ya kioo chake. Akatazama saa. Akatazama kioo cha pembeni, kule nyuma kwenye mlango wa kontena.

Halafu akaingiza gia.